Mkate kwa samaki wa hifadhi: tuendelee au tuache?

Wana Malindi, salaam. Juzi nilipanda boti yenye sakafu ya kioo kule Casuarina, kwenye hifadhi yetu ya bahari, na wageni wangu kutoka Nakuru. Maji yamepwa, yanaonyesha mpaka chini. Tulipofika penye matumbawe nahodha akatoa slesi za mkate kikapuni, akamega, akatupa. Samaki wa mistari wakarukiana kama watoto waliomwagiwa peremende. Wageni wakapiga kelele za furaha. Kusema kweli, na mimi nilipiga.

Halafu nikamwona pono mmoja, yule samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, pembeni anakwangua jiwe, krr krr, hana habari na mkate. Hakuna aliyempiga picha.

Mimi nasema tuache. Hifadhi hii na ya Watamu zilitangazwa 1968, na tangu hapo mvuvi haruhusiwi kutia wavu mle. Mwenyeji amekatazwa kutoa samaki, mgeni anaruhusiwa kutia unga wa ngano? Pono na kangaja kazi yao ni kula mwani, na mwani ukiachwa unafunika matumbawe. Haya matumbawe yenyewe yalishapauka na kufa kwa wingi 1998, bahari ilipopata joto. Tusiwafundishe samaki kusubiri boti.

Semeni.

*Nahodha wa Shela:*
Kaka, maneno yako mazuri, lakini petroli analipa nani? Mgeni aliyekuja na mtoto wa miaka minne na bibi asiyejua kuogelea haingii majini. Kwake yeye hifadhi ni kile kioo. Asipoona samaki ananiambia nimemwibia, na kesho haleti wenzake. Tena tuseme ukweli: mto Sabaki ukifurika na kaskazi ikavuma, maji huku yanakuwa chai ya maziwa. Udongo wa mashamba ya bara huo, unashukia matumbawe hayo hayo. Mjadala wake sijauona. Slesi yangu ndiyo imeonekana!

*Mama wa Gede:*
Mwanangu nahodha, la udongo nakuunga mkono. Lakini njoo huku kwetu kwenye mradi wa Kipepeo. Tangu 1993 wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo, pupa zinauzwa mpaka Ulaya. Mgeni akija haambiwi arushe kitu. Anaonyeshwa kiwavi juu ya jani, anaelezwa kila kiwavi na mti wake, kwa hiyo mti ukikatwa na kipepeo hana. Anasikiliza, analipa, anaondoka ameridhika. Mgeni hanunui samaki, ananunua mtu wa kumsimulia.

*Mwanzisha mada:*
Nahodha, kwa Sabaki umenipiga, sina jibu. Hilo tulifungulie mada yake na watu wa bara wawepo. Ila mkate uko mkononi mwako, na udongo haumo mkononi mwa yeyote kati yetu.

Nakupa simulizi bure: pono anakwangua jiwe, anasaga, anakwenda choo mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe ambao wageni wanalalia ni choo cha pono. Mwambie hivyo huyo mtoto wa miaka minne uone kama atakumbuka mkate.

Petroli ya safari moja bila mkate naitoa mimi. Bibi yangu atakuja, hajui kuogelea. Jumamosi maji yanapwa saa ngapi?