Asiyejua klachi ni dereva kweli? Tujadiliane

Mzee wa Klachi
Wakuu niulize. Siku hizi ukienda shule ya udereva hapa Nairobi swali la kwanza ni "otomatiki ama manuali", kijana anachagua ile rahisi, anasukuma kagari kwenye ile bodi ya barabara za kuchorwa, anaulizwa alama mbili tatu, anatoka na leseni ya B1, ile ya otomatiki tu. Huyo mtu mpe pikapu ya klachi usiku apeleke mgonjwa hospitali uone venye atashika kichwa. Mimi naona serikali ilazimishe kila mtu asomee klachi kwanza, otomatiki utajifunza mwenyewe ukiwa umekaa. Hata Uingereza ukifanyia mtihani kwa otomatiki leseni yako ni ya otomatiki tu, na wale si wajinga. Otomatiki zilikuwa gari za wamama wa kupeleka watoto shule, saa hii mwanaume mzima ako nayo na anajiita dereva.

Mama Pacha Rongai
Ungeishia kwa mgonjwa tungeelewana, lakini hapana, lazima ungeongeza hiyo ya mwisho. Gari za wamama. Haya, mimi ndiye huyo mama. Kila asubuhi natoka Rongai na watoto wawili nyuma wanapigania chupa moja ya maji, makanga amening'inia mlangoni ananigongea bodi nimpishe na hakuna pahali pa kumpishia, boda wanapita kushoto wanapita kulia, saidimira nishaikunja mwenyewe isiende na mtu, na juu ya hayo yote unataka niwe nahesabu gia moja, mbili, moja, mbili hadi Bomas. Ya nini? Nani atanipa cheti? Enda umwambie mamako hiyo maneno ya gari za wamama halafu urudi utuambie alikujibu nini.

Subaru Boi wa Syokimau
Moto umewaka na hatujafika hata saa nne 😂😂

Mzee wa Klachi
Madam sijamtukana mtu. Mke wangu mwenyewe anaendesha Canter ya klachi na anabeba mawe ya ujenzi, kwa hivyo usiniletee hiyo ya wamama. Ninachosema ni kwamba klachi inakufanya uijue gari, unaisikia injini, unajua saa ya kupandisha na saa ya kushusha bila kuangalia saa yoyote kwenye dashibodi. Na mafuta unaokoa. Mimi nikiteremka Mai Mahiu naweka frii, yaani natoa gia kabisa, pale juu wanapouza ngozi za kondoo, sigusi akselereta mpaka lile kanisa dogo la Waitaliano. Fanya hivyo na hiyo otomatiki yako ya CVT tuone.

Dere wa Trela
Mzee kwa heshima zote, hiyo maneno ya frii ungeitoa kabla kijana asome aone ni ujanja. Mimi napita hapo na mzigo wa Kampala. Trela ikiwa imejaa unateremka na gia ya chini, egzosti breki (ile inatumia injini kuzuia gari) imewashwa, breki ya mguu unagusa unaachilia, unagusa unaachilia. Kazi ya kushikilia gari inafanywa na injini. Ukiweka frii umebaki na breki peke yake, na breki ikishika joto kwa ule mteremko laining inaanza kunuka, baadaye kidogo unakanyaga na gari haikusikii. Hapo ndio mtu anakumbuka gia, lakini gia ya lori ikitoka na gari iko mbio hairudi kirahisi, inakwaruza tu. Wenye hawajafika chini ni wengi na baadhi nilikuwa nawajua. Hiyo tabia ndiyo inamaliza watu pale Salgaa upande wa Nakuru, mtu anataka kuokoa lita kumi za mafuta ya tajiri akauze.

Kijana wa Umoja
Si ndio ile ajali ya 2009 ya Sachangwan watu zaidi ya mia walikufa ju lori ilikuwa frii?

Mnakuru Halisi
Hapana bana, msichanganye. Ile ya Januari 2009 tanka ilianguka, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukashika. Haikuwa mambo ya frii. Ajali za breki ni hapo hapo pia lakini ni hadithi nyingine. Na Sachangwan ni juu, Salgaa ni chini ukiwa unaelekea Nakuru, naona watu wa Nairobi mnataja hizo pahali mbili kama ni stendi moja.

Kijana wa Umoja
Sawa mwenye Nakuru.

Fundi Kirinyaga Road
Wacha niguse tu ile ya kuokoa mafuta, ju kila wiki mteja ananiambia hivyo. Kwa gari yoyote ya injekta, iwe klachi iwe otomatiki, ukiachilia akselereta ukiwa ndani ya gia na gari inateremka, kompyuta inafunga mafuta kabisa. Injekta haipulizi kitu. Magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka frii magurudumu hayaizungushi tena, sasa inabidi kompyuta iipee mafuta isizime. Kwa hivyo mwenye kuweka frii ndiye anatumia mafuta zaidi, na breki pia anamaliza. Hiyo akili ilitoka enzi za kabureta. Mzee hiyo gari yako ni gani?

Mzee wa Klachi
Datsun 1200 pikapu. Ya marehemu baba. Imetembea kuliko nyinyi wote.

Mama Pacha Rongai
Ngoja nielewe vizuri. Mwenye anasema sisi si madereva anateremka Mai Mahiu kwa Datsun ya kabureta, frii, na trela ya huyo ndugu iko nyuma yake. Sawa. Mimi na Vitz yangu tutapitia ile barabara ya juu ya Naivasha.

Mzee wa Klachi
Breki zangu nazikagua mwenyewe kila Jumamosi. Wewe breki zako unazikagua ama unangojea taa iwake? Hapo ndio tofauti iko. Watu wa otomatiki mmezoea kufanyiwa kila kitu, gia mnafanyiwa, breki sasa mnafanyiwa na kamera, kesho mtafanyiwa kufikiria.

Subaru Boi wa Syokimau
Hapo kwa kamera umenigusa. Mimi niko na EyeSight, ile breki ya kujifunga ya Subaru, kamera mbili pale juu karibu na kioo cha ndani, zinaangalia mbele kama macho. Na nasema wazi imeniokoa Mombasa Road, mbele yangu Probox ilisimama ghafla kubeba mtu na mimi nilikuwa nimegeuka kuangalia saidimira, gari ikajifunga breki kabla mguu wangu ufike. Klachi ingenisaidia na nini hapo? Ningekuwa na gia nzuri ndani ya buti ya Probox.

Kanyaga Polepole
Na mimi yangu ni Fielder ya Safety Sense, ile breki ya kujifunga ya Toyota, kitu inanifanyia Thika Road ni aibu. Boda anakukatia mbele, wewe ushazoea, unajua ataondoka, lakini gari haijui bodaboda wa Roysambu, inapiga kelele, inajikaza, na nyuma yangu kuna matatu imenikaribia hadi naona meno ya dere. Siku itanigongesha nyuma. Nikiingia tu Thika Road nafinya kile kidude naizima.

Subaru Boi wa Syokimau
Sasa umeizima halafu unasema haifanyi kazi?

Kanyaga Polepole
Nimesema inafanya kazi SANA. Ilitengenezwa ya Japani ambako mistari ya leni inaonekana na watu wanaacha nafasi. Hapa ukiacha nafasi mbele yako kuna mtu anaishi hapo.

Shosho wa Demio
Kuna mtu anaweza kuniambia yule mama Mjapani kwa redio huwa anasema nini kila nikiwasha gari? Mjukuu alisema ni sabisi imefika nikapeleka gari ikafanyiwa sabisi na bado anaongea.

Fundi Kirinyaga Road
Shosho hiyo ni mashine ya kulipia barabara za Japani, inaitwa ETC. Anakwambia kadi haijaingizwa. Iko kaboksi kadogo chini ya dashibodi, ukija nakachomoa dakika moja na ananyamaza.

Shosho wa Demio
Nimemzoea sasa. Nilitaka tu kujua.

Fundi Kirinyaga Road
Lakini hayo mambo ya kamera niyaongee kidogo ju nayaona upande ule mwingine. Mtu anapigwa na jiwe kioo cha mbele, anatafuta kioo cha bei nafuu, kinabandikwa vizuri kabisa ila kamera ikirudishwa hairudi pahali pake sawasawa. Inatakiwa ipimwe upya na mashine, na wengi wakisikia bei ya kupima wanasema wacha tu. Taa ya njano inawaka. Nimeona gari moja hapa mwenyewe amekata tepu nyeusi ndogo safi kabisa akafunika ile taa. Ukipanda hujui kama kuna kitu. Halafu anauza, anayenunua anaambiwa "gari ina breki za kujishika". CVT nayo ni hivyo hivyo, mtu anawekewa ATF, mafuta ya otomatiki ya kawaida, mahali pa mafuta ya CVT, ule mkanda ndani unaanza kuteleza kwenye puli zake, injini inapanda sauti na gari haiendi, anakuja kulia kwamba CVT ni takataka. Na Demio ya otomatiki kutoka ile modeli mpya ya 2014 si CVT, ni gia sita za otomatiki ya kawaida, maana najua hilo swali linakuja.

Mwalimu wa Udereva Ngara
Nimesoma kutoka juu na nataka niwarudishe kwa swali. Mimi nafundisha zote mbili. Mwenye anatafuta kazi namwambia achukue klachi bila kufikiria, ju matatu za Hiace nyingi ni klachi, Canter ni klachi, lori ni klachi, na mwenye gari hawezi kukungojea ujifunze. Mwenye anataka tu kufika ofisini, kwa nini nimtese? Nimekaa na mwanafunzi Valley Road kwa jam ya jioni, gari imeangalia juu, klachi inanuka mpaka watu wa kando wanafunga madirisha, mwanafunzi analia, nyuma wanapiga honi. Hajajifunza gari hapo, amejifunza kuogopa. Ila kitu kimoja nimekiona, wa otomatiki wanashika simu mapema. Mkono ukikosa kazi unatafuta.

Mama Pacha Rongai
Mwalimu ulikuwa unaenda vizuri.

Kijana wa Umoja
Ati wa otomatiki ndio wanashika simu? Mwalimu uliwahi kupanda matatu? Dere ako na klachi, ako na gia, anahesabu chenji, anatafuna muguka, simu iko begani anaongea na mtu wa stendi kuhusu squad, yule dere wa kumshikia gari, na bado anamtusi mtu wa leni ingine kupitia dirishani. Mikono yote ina kazi na simu ilipata nafasi.

Dere wa Trela
Huyo hajakosea 😂

Dere wa Umeme
Mimi ni dere wa matatu na hiyo imeniuma kidogo, si sisi wote. Saa hii naendesha basi ya umeme, zile za BasiGo, ziko mjini tangu 2022. Hakuna klachi. Hakuna gia hata moja ya kubadilisha. Mguu wa kushoto ulikuwa unashtuka wiki za kwanza unatafuta kitu cha kukanyaga. Na ile kazi ya injini kushikilia gari yenye ndugu wa trela amesema, hapa mota inafanya yenyewe, nikiachilia basi inajivuta nyuma na inarudisha chaji kwa betri. Sasa mzee, mimi nina leseni ya PSV, ya kubeba abiria, na abiria wameketi nyuma yangu wametulia. Mimi si dereva?

Mzee wa Klachi
Wewe ulianza na klachi. Ndio maana unajua ni nini imekuacha. Nazungumzia mtu hajawahi.

Dere wa Umeme
Hiyo ni kweli, nilianza na klachi. Lakini mtoto wangu akianzia hapa sioni kitu amekosa.

Kanyaga Polepole
Na hata mkibishana, Japani kule tangu Novemba 2021 gari ndogo ya modeli mpya lazima iwe na breki ya kujifunga. Sisi tunanunua zilizotumika chini ya miaka 8. Hesabu mwenyewe. Mpende msipende hizo kamera zinashuka Mombasa na kila meli, na klachi kwa gari ndogo zinaisha zenyewe, hata Probox kutoka ile ya 2014 huko Japani ni CVT. Serikali haina haja ya kulazimisha mtu kitu.

Subaru Boi wa Syokimau
Serikali ililazimisha matatu spidi gavana, kile kidude cha kuzuia gari isipite 80, wakati wa waziri Michuki, 2004. Tuulize wenye matatu ziko wapi.

Dere wa Umeme
Yangu iko. Uliza wengine.

Mnakuru Halisi
Ziko kwa zile zilichomolewa, pamoja na kaboksi ka shosho.

Mama Pacha Rongai
Mimi bado niko na swali moja. Huyu mke wa Canter aje hapa aandike mwenyewe. Nataka nimsikie akisema anafurahia klachi na mawe nyuma. Asipokuja nitajua.

Mzee wa Klachi
Ako barabarani. Dereva haandiki akiendesha.

Mama Pacha Rongai
Na gari imeegeshwa usiku?

Kijana wa Umoja
Mzee samahani, hiyo Datsun unaweza kuiachilia kwa ngapi?

Mzee wa Klachi
Haiuzwi. Na wewe si ndio ulikuwa unaleta za Sachangwan?

Kijana wa Umoja
Sitaki gari yote. Mjomba ako nayo kama hiyo huko Murang'a na pleti ya klachi imeisha, watu wa spea wa Grogan wanatuzungusha tu. Nilikuwa nauliza unazipata wapi.

Mzee wa Klachi
Nitumie namba kando. Na umwambie mjomba aache kuegemeza mguu kwa klachi.