Wakuu, nimehamia MODFLOW 6 majibu yamebadilika kabisa, nifanyeje?

Mchanga Mweupe: Wakuu, habari za jioni. Nina modeli ya maji ya ardhini niliyoijenga kwa programu ya MODFLOW-2005, visima vinne, ikatulia vizuri. Nimeihamishia toleo jipya, MODFLOW 6, nikawasha Newton (njia nyingine ya kukokotoa), maana nilikuwa nasumbuliwa na seli, yaani vile vipande vidogo vya modeli, kukauka. Sasa kiwango cha maji kinaporomoka mita kadhaa zaidi, na data ni zile zile. Nirekebishe wapi ili majibu yalingane? Nina haraka.

Babu Rigi: Mimi nimechimba visima miaka 20 bila modeli. Maji utayajua rigi ikifika chini.

Kalamu Nyekundu: Jifunze FloPy mkuu, maktaba ya Python ya kuendeshea MODFLOW. Ukijenga modeli kwa Python, kazi ya wiki unaimaliza siku moja.

Tabaka la Pili: Kwanza fungua bajeti ya maji (hesabu ya yanayoingia na kutoka) ya modeli ya zamani. Kwenye 2005 seli ikikauka inazimwa, na kisima kilichomo kinaacha kusukuma kimya kimya. Nahofia ulidhani unapiga pampu visima vinne, kumbe ni viwili. Newton haizimi seli, ndiyo maana sasa unaona mzigo wote. Visima viko wapi?

Mchanga Mweupe: Dar. Tabaka la juu ni mchanga.

Tabaka la Pili: Dar ni kubwa. Bahari iko umbali gani?

Mchanga Mweupe: Kigamboni, mita 300 toka ufukweni. Ila ni nyumba ya wageni ndogo tu. Ripoti nimeshakabidhi, mteja kalipa nusu, kisima cha kwanza kimeshachimbwa. Siwezi kurudi nyuma kwa sababu ya toleo jipya la programu.

Mama Mjimwema: Mwanangu, kisima chetu kilikuwa kitamu hadi jirani alipofunga pampu kubwa. Miaka miwili tu, sabuni ikakataa povu, ncha za mchicha zikaungua. Hela ya watu usiile hivyo.

Ndimu Kavu: Hii chai. ID ya jana, mara "modeli imetulia", mara kisima kimeshachimbwa. Nani anakabidhi ripoti ndipo anaomba ushauri?

Babu Rigi: Hata mimi nimeanza kuona chai.

Mchanga Mweupe: Si chai, ndugu zangu. Nimefungua ID kwa sababu sina wa kumuuliza. Bajeti nimeiangalia sasa hivi: visima viwili vinasoma sifuri tangu mwezi wa tatu wa modeli. Na leo asubuhi nilionja maji ya kile kisima. Yana chumvi kidogo, nikajiambia ni matope ya kuchimbia.

Tabaka la Pili: Hapo ndipo ulipaswa kuanzia. Kila mita 1 ya maji baridi (yasiyo na chumvi) juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 chini yake. Ukishusha nusu mita, chumvi inaweza kupanda mita 20. Modeli yako haina chumvi, kwa hiyo hata ile mpya haijakujibu. MODFLOW 6 inayo modeli ya usafirishaji wa vilivyoyeyuka majini kama chumvi, GWT. Iunganishe na kifurushi cha BUY kinachohesabu uzito wa maji, mtiririko na chumvi viende pamoja. Rigi isimame kwanza.

Mchanga Mweupe: Nimempigia mteja. Amefoka, lakini rigi haiwashwi hadi nimpe jibu. Tabaka, BUY naiweka upande wa mtiririko au wa GWT?

Tabaka la Pili: Wa mtiririko. Tuma faili, niko macho.