Frateri anayependa rock, kuna shida?

frateri_gitaa: Wakuu salamu. Niko seminari kuu nasomea upadre, falsafa mwaka wa pili, nikimaliza nina teolojia miaka minne, safari bado mbichi. Sasa mimi napenda rock tangu sekondari, yale magitaa yakinguruma ndo kichwa kinatulia kabla sijarudi kwa vitabu vya mwanateolojia Aquinas na Kilatini. Wenzangu wanauliza we una wito kweli? Na kuna usiku nabaki kanisani baada ya sala najiuliza hivohivo.

Mama Parokia: Mwanangu wito haupimwi kwa spika. Ila muda wa kimya ni wa kimya, usije ukaamsha bweni zima ukamsingizia Roho Mtakatifu 😂

mzee_wa_vinyl: Dogo tulia. Papa Yohane Paulo II alikaa akamsikiliza mwanamuziki Bob Dylan pale Bologna, Italia, 1997, bendi ya rock U2 walifunga albamu yao ya 1983 kwa Zaburi ya 40, na hukohuko Italia kuna bradha Mkapuchini (mtawa), Cesare Bonizzi, alipanda jukwaani na kanzu yake akaimba metal kabisa, ile rock nzito.

katekista09: Sawa mzee lakini Ratzinger, yule aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, aliikosoa sana rock, msimfiche kijana. Mwambie baba yako wa kiroho ukweli wote, pamoja na hayo maswali ya usiku, maana naona hilo ndo zito kuliko gitaa.

frateri_gitaa: Hapo umenigusa katekista. Misani napiga kinanda tu lakini, msiogope.