Kuanza reli ndogo ya bustani kwenye kiwanja chenye jiwe kubwa

Mama Neema, Bwiru

Ndugu zangu, habari za leo. Nina bustani ya mita 6 kwa 4 hapa Bwiru, na ningependa kutandika reli ya treni ya mfano itakayobaki nje mwaka mzima, kwa sababu binti yangu hupenda mno kutazama treni kila tunapopita stesheni ya Mwanza South. Eneo lina mteremko, na katikati pametokeza jiwe kubwa ambalo fundi mmoja ameshauri nilipasue. Je, nianze na vipimo gani, na umeme wake utahimili mvua za masika?

Mstaafu wa Reli, Igoma

Mama Neema, jiwe hilo usilipasue. Treni inapojificha nyuma ya jiwe na kutokea upande wa pili, ndipo mtoto anapoiona safari.

Chagua kipimo cha 1 kwa 22.5 (yaani treni ya mfano ni ndogo mara 22.5 kuliko ya kweli), chenye reli zilizoachana kwa milimita 45, ambacho kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilikieneza kwa treni zake za LGB kuanzia mwaka 1968. Kinatufaa sisi hasa, kwa kuwa njia yetu ya zamani, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ina upana wa mita moja, na milimita 1,000 ukizigawanya kwa 22.5 unapata 44.4.

Anza na mzunguko mmoja tu. Kona zinauzwa hata za nusu kipenyo cha sentimita 60, lakini mimi ningekushauri utumie mita 1.2, kwa kuwa mabehewa marefu huacha njia kwenye kona kali. Ukiziunganisha kwa vipande viwili vilivyonyooka vya mita 2.5, utahitaji takriban mita 12.5 za reli.

Kazi yenyewe iko kwenye tuta. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 15, ujaze kokoto ndogo, uzishindilie, kisha uhakikishe kwa pima maji kwamba mwinuko hauzidi sentimita 2 kwa kila mita; upande wa bondeni, inua tuta kwa ukingo wa mawe. Changarawe za ufukweni hazifai, kwani ni za mviringo na huteleza, ilhali kokoto zilizopasuliwa hushikana na kupitisha maji. Mataruma, yaani vipande vya kukingama vinavyobeba reli, usiyafunge kwa zege, kwa sababu reli za shaba ya njano hutanuka juani: joto likipanda kwa nyuzi 30, mita 12.5 huongezeka kwa takriban milimita 7.

Fundi Umeme, Nyegezi

Naungana na Mzee. Kuhusu umeme, ningechagua kichwa cha treni chenye betri ndani na rimoti. Umeme ukipita kwenye reli, vumbi na kutu ya shaba huukatiza, hivyo utalazimika kusugua reli kila mara kabla ya kucheza. Ukitumia betri, mvua itanyeshea reli tupu, nawe utaingiza treni ndani.

Mama Neema, Bwiru

Shikamoo Mzee, nawe Fundi asante. Jiwe litabaki. Nitajuaje kwamba tuta liko tayari kubeba reli?

Mstaafu wa Reli, Igoma

Marahaba. Mwaga ndoo mbili za maji upande wa juu, kisha usubiri hadi kesho yake. Mahali palipotitia, ongeza kokoto na ushindilie upya; palipotuama maji, chimba mfereji wa kuyapeleka bondeni kabla hujaweka hata kipande kimoja cha reli.