Tangawizi ya kikao cha Jumapili

Neema: Shikamooni wakubwa. Kikao cha Jumapili tutakuwa watu 40, na tangawizi, kile kinywaji chenye gesi, tumekubaliana itengenezwe nyumbani. Naomba vipimo.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Piga nusu lita kwa kila mtu, ni lita 20. Tangawizi mbichi kilo 1, sukari kilo 2, ndimu 15, hamira ya chenga kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa. Hamira usizidishe. Kwa joto hili la Dar inakimbia sana, na ikizidi kinywaji kinanukia mkate.

Mjomba Hamisi: Hiyo kilo ya tangawizi igawe mara mbili. Nusu ya kwanza isage, ichemke dakika 15 kwenye maji lita 5, uchuje, sukari iyeyukie humo. Nusu ya pili isage na maji kidogo, uichuje ikiwa mbichi kwa kitambaa safi. Ya kuchemka ukali wake unapungua motoni, inabaki harufu. Ule mwasho wa kooni unatoka kwenye mbichi, na tangawizi isiyowasha mimi siihesabu. Juisi mbichi iache itulie nusu saa, wanga mweupe uzame, umimine ya juu tu.

Neema: Hamira naweka saa ngapi?

Mjomba Hamisi: Mwisho kabisa. Changanya juisi zote, ndimu, na maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka zifike lita 20. Dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono. Likiwa vuguvugu, weka. Likichoma, subiri, maana maji ya moto yanaua hamira na gesi hutaipata hata ukingoje siku tatu.

Zawadi: Kwa wenye kisukari, si tuweke tu sukari mbadala?

Shangazi Rukia: Hapana Zawadi. Sukari ndiyo chakula cha hamira, hiyo mbadala haili. Na kwa siku moja inakula kidogo tu, nyingi inabaki kwenye chupa. Wao wachemshiwe chai ya tangawizi bila sukari.

Juma: Chupa tupu za maji ya kunywa ninazo boksi mbili.

Mjomba Hamisi: Hizo ni nyepesi, hazikutengenezwa kubeba gesi. Tafuta za soda, za plastiki, na vifuniko vyake viwe vizima. Za kioo msithubutu! Plastiki ukiibonyeza unajua gesi imefika wapi, kioo kinapasuka bila dalili na vipande vinaruka. Acha nafasi ya vidole vitatu juu. Mkijaza Ijumaa jioni, anzeni kubonyeza Jumamosi asubuhi. Chupa ikiwa ngumu kama ya soda mpya, iende kwenye friji saa hiyo hiyo. Baridi haiui hamira, inaipunguza kasi tu, kwa hiyo zisirudi kukaa juani. Na msifungue ikiwa ya moto, itamwagika nusu.

Baba Mkubwa: Wanangu, wapo wazee wetu wasiogusa kitu kilichochacha. Hiyo hamira haitoi kileo?

Shangazi Rukia: Shikamoo kaka. Inatoa, ingawa kwa siku moja ni kidogo. Gesi na kileo vinatoka pamoja, huwezi kupata kimoja bila kingine. Kwa wazee na watoto tufanye shira bila hamira: tangawizi nusu kilo, maji lita moja na nusu, sukari kilo 1. Ichemke, ichujwe, ipoe, ndipo iingie juisi ya ndimu 8. Wakati wa kunywa, kikombe 1 cha shira kwa vikombe 4 vya maji ya gesi ya dukani. Lita 8 za maji hayo zinatoa karibu lita 10.

Baba Mkubwa: Marahaba. Basi ziwe lita 10 za kila aina, na chupa ziandikwe.

Neema: Sawa Baba Mkubwa. Kwa hiyo ya hamira vyote nagawa kwa mbili, hamira nusu kijiko?

Mjomba Hamisi: Ndiyo. Ya hamira tieni vifuniko alama nyekundu, na kila aina iwe na deli lake.

Juma: Deli mbili na barafu naleta mimi. Chupa za soda nazifuata leo, ziwahi kuoshwa kwa maji ya moto.