Naomba ushauri: 4,294,967,297 inanitoa jasho

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wajuzi wa hisabati maana kichwa kimeshagoma. Kuna hii namba 4,294,967,297, yaani 2 kipeo cha 32 ukiongeza 1. Mzee Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, aliamini ni namba tasa, mpaka mwanahisabati mwingine, Euler, alipokuja mwaka 1732 akaonyesha inagawanyika kwa 641 na jibu ni 6,700,417. Hapo nimehakiki mwenyewe kwa kuzidisha, iko sawa kabisa.

Sasa shida yangu ni hiyo 6,700,417, wanasema nayo ni tasa, mi nataka kuthibitisha kwa mkono maana kuna dogo wa form four hapa nyumbani kanibishia ile mbaya. Kipeuo chake ni kama 2,588 na ushee, kwa hiyo nimeanza kugawa kwa 3, 7, 11, 13... nimefika mia tatu na kitu nimechoka (halafu kikalkuleta cha simu kinanizingua).

Nimeona eti kigawo tasa chochote cha ile namba kubwa lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 64, kama 641. Je, sharti hilo linabana na vigawo vya 6,700,417 nisijaribu vingine? Au nimechanganya?