Melatonini kabla ya operesheni ya ini: ami apewe au tuache?

Mkwezi wa Konde:
Assalamu alaikum. Ami yangu, kilo 60, ana uvimbe upande wa kulia wa ini. Spitali ya Dar imempangia operesheni ya kukatwa kipande hicho. Mwanawe alioko Uingereza ametuma kopo la melatonini (homoni ya usingizi), vidonge vya miligramu 5, anasema utafiti umeonesha inapunguza madhara baada ya kukatwa ini. Tumpe kiasi gani, na lini? Anavuta sigara, na kila asubuhi hunywa matone ya mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kwa ajili ya gesi.

Dokta wa Usingizi:
Waalaikumu salaam. Mimi kazi yangu ni kulaza wagonjwa usingizi wa operesheni. Msimpe kwa lengo hilo, na sababu iko kwenye hesabu. Utafiti unaotajwa sana ni wa Heidelberg, Ujerumani, ulichapishwa 2011, wagonjwa 50. Dozi ilikuwa miligramu 50 kwa kila kilo ya mwili, mara moja tu. Kwa ami yako ni miligramu 3,000, yaani vidonge 600 vya kopo hilo. Kumpa kimoja au viwili si kufuata utafiti ule hata kidogo.

Wazo lenyewe lina mantiki. Daktari anapokata ini hubana mishipa inayoliingizia damu ili mgonjwa asivuje sana, mara nyingi dakika 15, kisha huachia dakika 5, halafu hubana tena. Ini huumia kwa kukosa damu, na huumia tena damu inaporudi, kwa sababu oksijeni inayoingia ghafla huzalisha kemikali kali zinazochoma seli. Melatonini huzima kemikali hizo, na kwa panya imefanya kazi vizuri. Kwa watu, utafiti ule ulionesha kwamba dozi kubwa haikuwadhuru. Vimeng'enya vya ini, ambavyo hupanda kwenye damu ini likiumia, vilipanda kidogo zaidi kwa waliopewa dawa bandia kuliko waliopewa melatonini, lakini tofauti ilikuwa ndogo mno kusema si bahati tu. Hapo ndipo ushahidi ulipofika.

Nesi wa Thieta:
Naongeza jambo la hatari. Dawa ile ilichanganywa kwenye maziwa, ikapitishwa kwa mpira mpaka tumboni, mgonjwa akiwa *tayari* amelazwa usingizi na njia yake ya hewa imelindwa kwa mpira mwengine. Mtu akisoma juu juu atamkorogea mzee maziwa alfajiri nyumbani. Maziwa huhesabiwa kama chakula: saa 6 kabla ya kulazwa usingizi wa operesheni asiyaguse. Maji matupu mwisho saa 2 kabla. Tumbo likiwa na maziwa, yanaweza kupanda na kuingia mapafuni anapolazwa, na operesheni itaahirishwa wakijua. Mtu ametoka Pemba kwa boti, halafu arudishwe wodini kwa kikombe cha maziwa!

Mfamasia Chake:
Mimi kinachonitia khofu zaidi ni mafuta ya makonyo. Yuginoli, kemikali iliyomo, ikizidi, humaliza ile ile akiba ya kujikinga ya ini inayomalizwa na panadoli zikizidi, tena hupunguza damu kuganda. Ayaache leo, na vidonge vya thomu na dawa yoyote ya kienyeji aache wiki 2 kabla ya operesheni. Diklofenaki, dawa ya maumivu, asijinunulie. Akiwa anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema. Hiyo haiachwi kiholela.

Kuhusu kopo: melatonini huvunjwa na ini lenyewe, kwa hiyo ini likiwa dhaifu hukaa mwilini muda mrefu. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, huizuia isivunjwe. Na vidonge hivi vinavyouzwa kama virutubisho haviaminiki: Kanada 2017 walipima bidhaa 31, nyengine haikufika hata robo ya kiasi kilichoandikwa, nyengine ilikuwa na zaidi ya mara tano ya kiasi hicho.

Mkwezi wa Konde:
Nimefahamu, ahsanteni. Lakini halali usiku kwa wasiwasi. Kidonge kimoja cha usingizi tu je?

Dokta wa Usingizi:
Hilo ni suala jengine, na lina ushahidi bora: dozi ndogo hupunguza wasiwasi kabla ya operesheni. Miligramu 3 hadi 5 usiku si neno, ila daktari atakayemlaza usingizi wa operesheni ajue kwanza na aandike. Bebeni kopo lenyewe, msimwambie kwa mdomo tu.

Nguvu zenu ziwekeni kwingine. Sigara aache sasa, wiki 4 kabla ndiyo faida kwa mapafu huonekana vizuri. Atembee kila siku mpaka apumue kwa kasi. Ale samaki, mayai, maharage. Na muulizeni daktari mpasuaji: ini litakalobaki ni asilimia ngapi? Ini lenye afya huhitaji kubaki zaidi ya asilimia 20, lililopigwa na dawa za saratani 30, lenye kovu 40. Upande wa kulia ndio mkubwa, kwa hiyo swali hili msilisahau.

Nesi wa Thieta:
Baada ya operesheni msimpe kidonge cha usingizi kwa siri wodini, hata akiomba. Ini lililobaki likishindwa kazi, dalili za mwanzo ni kusinzia mchana, kuchanganya maneno, viganja kupepea akinyoosha mikono. Mkiwa mmempa dawa, nesi atadhani ni kidonge, na saa zitapita. Anayemlinda usiku amuulize jina lake, yuko wapi na leo siku gani. Akikosea, mwiteni nesi hapo hapo.